Upanga Ukielekea Chini: Majibu kwa Maswali Yenu Kuhusu Madirisha ya Kumbukumbu ya Vita

Barua za safari hii zimetoka Tabora, Urambo, Nzega, Kigoma na Ujiji, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: dirisha la vioo vya rangi linalomkumbuka aliyekwenda vitani linasomwaje, na litengenezwe vipi lisimdhulumu anayekumbukwa. Tumezijibu kwa urefu usiolingana, kila moja kadiri ya uzito wake.

Katekista, Isevya, Tabora

*Tumsifu Yesu Kristo. Mgeni alituachia picha ya dirisha la kanisa moja la Uingereza lililowekwa baada ya vita ya 1914–1918. Katikati mtu mwenye deraya anachoma joka. Kushoto askari juu ya farasi anakata joho lake. Kulia malaika ameshika mizani. Juu kuna ndege anayejidonoa kifua. Chini kuna maua mekundu na upanga ulioelekea chini. Vijana wa kipaimara wananiuliza maana, nami nabahatisha.*

Milele na milele, amina. Usianze na joka, ingawa ndilo linalovuta jicho. Anza chini kabisa. Mafundi wa zamani walizoea kupanga visa kutoka chini kwenda juu, na katika dirisha la kumbukumbu mstari wa chini ndio unaobeba jina, tarehe na aya. Ukishausoma huo, kila picha iliyo juu yake inakuwa inamsema mtu huyo. Aya zinazoonekana sana ni Yohana 15:13, ya mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake, na Ufunuo 2:10, ya taji ya uzima. Ndiyo maana mara nyingi utaona malaika ameinua taji juu ya kichwa cha askari bila kumvika: taji imeahidiwa, na mwenye kuvika ni Mungu.

Tarehe nayo husema. Madirisha mengine yameandikwa 1914–1918, mengine 1914–1919, na hakuna kosa. Mapigano ya Ulaya yalisimama tarehe 11 Novemba 1918, mkataba wa amani ukatiwa saini Versailles tarehe 28 Juni 1919. Huku kwetu jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, liliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia. Kwa hiyo mtu wa Tabora aliyefariki tarehe 20 Novemba 1918 alifia vitani, na asiachwe kwa sababu ya tarehe ya Ulaya.

Upanga ulioinuliwa ni vita. Ukielekea chini, vita imekwisha na mwenye upanga anaomboleza. Tena ukiuelekeza chini, mpini na kikingio cha mkono vinafanya umbo la msalaba, na fundi anakusudia ulione hilo. Msalaba wa mawe wenye upanga wa shaba nyeusi kifuani, ambao Reginald Blomfield aliuchora kwa ajili ya makaburi ya jeshi la Uingereza, umejengwa juu ya wazo hilohilo.

Maua mekundu ni mipopi. Habari yake ni ya udongo kabla haijawa ya damu. Mbegu za mpopi hulala ardhini miaka mingi. Mizinga ilipofukua mashamba ya Flanders huko Ubelgiji, zikapata mwanga, zikaota kwa wingi hata juu ya makaburi mapya. Uingereza ilianza kuvaa ua hilo kwa ukumbusho mwaka 1921. Kwenye vioo na makaburi ya kabla ya hapo mpopi ulikuwa na maana nyingine, ya usingizi.

Sasa joka. Anayelichoma huwa mmoja kati ya wawili, basi mtazame mgongoni. Akiwa na mabawa ni Malaika Mkuu Mikaeli, wa Ufunuo 12:7. Akiwa hana, na ngao yake ni nyeupe yenye msalaba mwekundu, ni Mtakatifu Joji, msimamizi wa Uingereza. Picha yenu ina wote wawili, kwa maana mwenye mizani ya kupimia roho ni Mikaeli vilevile. Waambieni vijana wazi kwamba joka ni uovu wenyewe. Si Mjerumani, si taifa lolote.

Wa farasi ni Mtakatifu Martino wa Tours, askari wa Kirumi aliyekata joho lake kwa upanga akampa nusu maskini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi kwenye lango la mji wa Amiens. Sikukuu yake ni 11 Novemba, siku ileile mizinga iliponyamaza, na hapo ndipo mafundi walipompendea. Yeye ndiye askari pekee katika picha yenu ambaye upanga wake unagawa badala ya kuua.

Ndege ni mwari, ambaye watu wa ziwani wanamjua kwa mfuko wa mdomo wake. Watu wa kale waliamini kwamba makinda yakikosa chakula, mwari hujitoboa kifua akayalisha damu yake. Hafanyi hivyo, lakini alama imebaki: ni Kristo. Mwisho tazama vichwa. Duara la nuru lenye msalaba ndani ni la Mungu, na hasa la Kristo. Lisilo na msalaba ni la watakatifu. Askari wa kawaida hapewi kabisa. Mchoraji akimpa, amemtangaza mtakatifu bila idhini.

Rangi zisikusumbue kupita kiasi. Nyekundu ni damu na moto wa Roho, buluu ni mbingu, kijani ni tumaini, zambarau ni toba na maombolezo. Lakini fundi ana sababu zake za macho pia: buluu ikipigwa na mwanga husambaa na kumeza majirani, nyekundu hujikunja. Wakati mwingine ukanda mweupe baina yao umewekwa kuzitenga tu, na ukiutafutia fumbo utajichosha.

Kijana wa Gungu, Kigoma

*Je, meli ya Liemba inaweza kuingia katika dirisha la kumbukumbu ya vita?*

Iingie, lakini amua kwanza ni meli ipi. Iliposhushwa majini hapo Kigoma mwaka 1915 iliitwa Graf von Götzen, na ilipewa mzinga. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916. Ikainuliwa mwaka 1924, ikaanza kazi kwa jina la Liemba mwaka 1927. Ukichora mzinga, andika jina la kwanza. Ukiandika Liemba, ondoa mzinga. Kanisani meli ni alama ya Kanisa lenyewe, na nanga ni tumaini, kwa Waebrania 6:19, hivyo nanga chini ya meli itasomwa mara mbili na hilo ni jema. Kamba na vyuma vyembamba vya sitaha visikatwe kama vipande vya kioo, vitapasuka. Vichorwe kwa rangi ya kuchoma, yaani ile inayochomwa tanurini ishikane na kioo.

Mzee wa kanisa, Urambo

*Tunataka dirisha la wapagazi na askari wa sehemu hizi waliokwenda vita ya 1914–1918, na keya, yaani askari wa King's African Rifles, wa 1939–1945. Mchoro tulioletewa una Mtakatifu Joji, mipopi na majani ya mwaloni. Wazee wanauliza: hapo sisi tuko wapi?*

Shikamoo mzee wetu. Wazee wameona sawasawa, na mchoro huo urudishwe kabla haujalipiwa.

Anzeni na mpagazi, maana ndiye aliyesahaulika kuliko wote. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, wengine hawakukumbukwa kabisa. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao, na wengi wanaolitamka kila siku hawalijui hilo. Kwa hiyo mpagazi apewe nafasi ya katikati, kimo sawa na askari. Msimchore ameinama kama mwenye huzuni. Mzigo wa kawaida wa msafara ulikuwa ratili 60 hivi, karibu kilo 27, na mtu aliyebeba uzito huo hainami: shingo imenyooka, goti limekunjwa kidogo, mkono mmoja umeshika mzigo, wa pili fimbo. Waulizeni wazee wa Kinyamwezi mzigo ulikaaje begani, kisha mchoraji afuate wanavyosema.

Bendera ziachwe. Tabora ilipoangukia mikononi mwa jeshi la Kongo ya Ubelgiji tarehe 19 Septemba 1916, waliokuwa wakiilinda na waliokuwa wakiishambulia walikuwa kwa sehemu kubwa Waafrika. Ukoo mmoja wa huko unaweza kuwa na babu pande zote mbili. Sare moja na bendera moja vitamfukuza mmoja wao dirishani.

Badala ya mpopi tunapendekeza mninga, tena kwa moyo wote. Ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na hakuna mtoto wa Urambo anayehitaji kuelezwa. Tunda lake lina bawa la mviringo kama sahani nyembamba, na katikati kifundo chenye miiba. Umbo hilo linaingia vizuri katika duara la juu la dirisha: bawa kwa kioo cha manjano hafifu, kifundo kwa kahawia, na miiba ichorwe kwa rangi ya kuchoma. Macho yaliyozoea taji ya miiba yataona yenyewe.

Silaha tunazo za kwetu. Siku ya Mashujaa, 25 Julai, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, na Mkuu wa Majeshi huweka sime. Mkuki na ngao vilivyolazwa vinasema hapa kile ambacho upanga ulioelekea chini unakisema Uingereza. Jambo moja la kukwepa: huko Ulaya mwenge uliopinduliwa ni alama ya uhai uliozimika, na upo katika makaburi mengi. Msiuchore. Kwa Mtanzania mwenge una maana yake tayari, na kuupindua kutasomwa kama tusi.

Kwa upande wa keya mnayo Kalewa. Kambi ya Tabora ilipewa jina hilo kutokana na mji wa Burma ulio kando ya mto Chindwin, ambako Desemba 1944 lilijengwa daraja la chuma lililokuwa refu kuliko madaraja yote ya aina yake wakati huo, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa hapo. Mto wa buluu na daraja jeusi la pembetatu za chuma ni picha rahisi kwa fundi, kwa sababu mistari ya risasi, yaani tepe za madini ya risasi zinazoshika vioo, yenyewe inakuwa vyuma vya daraja.

Nyuso ziangaliwe sana, maana hapa mafundi wengi hukosea. Desturi ya Ulaya ni kutumia kioo karibu cheupe na kukitia kivuli cha kahawia. Fundi akitaka uso wa Mwafrika huongeza rangi ya kahawia juu ya kioo hichohicho, tabaka juu ya tabaka, mpaka mwanga hauwezi kupita. Mezani unaonekana uso; dirishani, jua likiwa nyuma, linabaki doa jeusi lisilo na macho. Njia sahihi ni kuchagua kioo chenyewe kiwe cha asali au kahawia ya wastani, kuchora mistari ya macho, pua na midomo, kupaka utando mwepesi, kisha kuukwangua kwa kijiti na brashi ngumu pale mwanga unapopiga: paji la uso, mgongo wa pua, shavu. Dai mfano mmoja wa uso uliokwisha kuchomwa, mkautazame ukiwa umeinuliwa kwenye dirisha wazi saa nne asubuhi, kabla ya kukubali zilizobaki.

Majina hayatatosha kwenye kioo. Kanisa kuu la York, Uingereza, lilipoliweka wakfu dirisha la Five Sisters mwaka 1925 kwa ajili ya wanawake waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, majina yao yaliandikwa kwenye mbao za mwaloni kando yake. Fanyeni hivyo kwa mbao za mninga. Zikipatikana habari za jina jingine baada ya miaka 10, ubao unaongezeka, kioo hakiongezeki. Na kamati isiwe na haraka, kwa kuwa kilichochaguliwa vibaya hakikai kimya. Kanisa kuu la Washington liliweka mwaka 1953 madirisha ya Lee na Jackson, majenerali wa upande uliotetea utumwa katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, likayaondoa mwaka 2017, na mwaka 2023 likaweka mapya yaliyochorwa na Kerry James Marshall.

Mwalimu, Ujiji

*Asalaam aleykum. Babu yangu alikuwa keya, na Mwislamu. Shule inataka dirisha la ukumbusho ukumbini, lakini wazazi hawataki picha za watu. Kuna vioo vya rangi visivyo na sanamu?*

Waalaykumu salaam, mwalimu. Vipo, na ni vya kale. Sana'a, Kairo na Istanbul zina madirisha ya vioo vya rangi vilivyoshikwa kwa jipsamu badala ya risasi. Bamba la jipsamu humiminwa likiwa na unene wa sentimita 4 hivi. Kabla halijakauka kabisa huchongwa matundu ya nyota na majani kwa kisu. Vioo hubandikwa upande wa nyuma kwa jipsamu nyepesi. Dirisha likiwa juu, kuta za kila tundu zichongwe zikiinamia chini, ili aliyeketi ukumbini aone mwanga wote. Ukichonga moja kwa moja, atakachoona ni unene wa jipsamu.

Adui wa jipsamu ni maji, na mvua za Kigoma mnazijua. Bamba likae ndani, nje kiwekwe kioo cha kawaida, na baina yao iachwe nafasi ya sentimita 3 au 4 yenye matundu ya hewa chini na juu. Kwa maana, tunashauri hesabu badala ya sura: matundu yawe mengi kama walioondoka mjini hapo, kila mmoja na tundu lake. Waliorudi wapewe rangi ya asali, wasiorudi wapewe kioo cheupe. Majina yawekwe ubaoni kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi, na jina la Mwenyezi Mungu lisiwekwe chini mahali pa kuegemea watu.

Fundi wa aluminiamu, Mwanga, Kigoma

*Parokia inataka nitengeneze dirisha la kumbukumbu, upana sentimita 90, urefu mita 2.4. Nina almasi ya kukatia vioo, pasi ya kulehemu, na uzoefu wa luva na fremu. Nianzie wapi?*

Ndugu fundi, anza kwa kuligawa. Paneli nne za sentimita 90 kwa 60 zinabebeka. Moja ya mita 2.4 itajikunja kabla haijafika ukutani. Kioo cha milimita 3 kina kilo 7 na nusu kwa mita ya mraba, hivyo kila paneli itakuwa na kilo 4 za kioo kabla ya risasi. Pima uwazi sehemu tatu kwa upana, tatu kwa urefu, na pembe kwa pembe. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, kisha punguza milimita 3 kila upande.

Chora kwanza kwa kipimo cha 1 kwa 10, halafu karatasi kubwa ya ukubwa halisi yenye kila mstari wa risasi. Hapa ndipo dirisha zima huamuliwa. Mstari wa risasi ufuate ukingo wa nguo, mkono au kilima, usikate uso. Kipande kisiwe na kona iliyoingia ndani kama pembe ya herufi L, kwa sababu kitapasuka hapo, kama si leo ni kwenye joto la Septemba. Risasi ya dirisha ina umbo la H, na ule ukuta wa katikati unaitwa moyo. Baina ya kipande na kipande acha nafasi ya moyo, milimita 1.5 hadi 2. Wanaoanza hulisahau hili kuliko jambo lolote: vipande 20 kwa mstari, kila kimoja kikizidi milimita moja, na paneli imeshazidi fremu kwa sentimita 2.

Nyekundu ina tabia yake. Nyekundu nyingi za kioo ni utando mwembamba juu ya kioo cheupe, kwa kuwa kioo chekundu unene wote kingekuwa karibu cheusi. Hiyo ni faida: ukiuondoa utando kwa mchanga wa kupuliza unapata msalaba mweupe au nembo ndani ya nyekundu bila kuongeza risasi. Asidi inayokula kioo usiiguse. Inapenya ngozi bila kuuma mwanzoni na inaua.

Rangi ya kuchorea ni unga wa kioo uliochanganywa na oksidi ya chuma au shaba, na huungana na kioo tanurini tu, takriban nyuzi 620 hadi 680 za Selsiasi. Manjano ya fedha, yaani rangi ya njano itokanayo na madini ya fedha, hupakwa upande wa nyuma na kuchomwa baadaye kwa joto dogo zaidi, takriban 550 hadi 600. Tanuri lifunguliwe likiwa limepoa kabisa, la sivyo vipande hupasuka vyenyewe siku zijazo. Kama huna tanuri lenye kipimajoto, usichore nyuso kwa rangi ya kopo, itabanduka. Tengeneza dirisha la maumbo na rangi za vioo vyenyewe. Daraja, mto, mkuki na ngao vinawezekana bila kuchoma hata kipande kimoja.

Kupanga: ubao ulionyooka, mbao mbili zilizofungwa kona ya nyuzi 90, na misumari ya kushikilia. Kila utepe wa risasi uvutwe kwanza ili unyooke. Lehemu ya bati 60 na risasi 40 inayeyuka nyuzi 183 hadi 190, risasi yenyewe 327. Pasi yako ikizidi moto, kiungo chote kinatoweka machoni pako. Jaribu kwenye kipande cha ziada kila unapoanza. Lehemu pande zote mbili.

Kisha pati, ambayo wengi huiruka kwa kuwa haionekani. Unga wa chaki, mafuta ya kitani yaliyochemshwa, tone la tapentaini na masizi, uzito kama uji mzito. Isukume kwa brashi chini ya kingo za risasi pande zote mbili, mwagia unga mkavu wa chaki, sugua, na baada ya siku moja safisha kona kwa kijiti. Laza paneli wiki mbili. Bila pati paneli inacheza kama meno ya mzee na mvua inaingia. Matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike, yanaweza kujiwasha moto. Yatandaze nje au yaloweke.

Kwenye viungo vya lehemu shikiza nyaya za shaba, uzifunge kwenye nondo za chuma kisichoshika kutu, moja kila sentimita 30 hadi 40. Nondo ya kawaida hututumka kwa kutu na kupasua jiwe. Ukutani tumia chokaa, si saruji, ili siku ya matengenezo paneli itoke salama. Silikoni inayonuka siki usiipeleke karibu, mvuke wake unakula risasi.

Lugha yetu inaita kwa jina moja risasi iliyowaua watu hao na risasi itakayoshika vioo vyao. Zote ni sumu. Usile wala kuvuta sigara kazini, nawa kwa sabuni hadi viwiko, nguo za kazi zisifike walipo watoto.

Maandishi ya chini: sentimita 2 na nusu za kimo kwa kila mita 3 za umbali wa msomaji. Herufi nyeusi juu ya kioo cheupe ziwe nene kuliko unavyodhani, mwanga huzila pembeni.

Mwanakwaya, Nzega

*Je, stika za rangi juu ya kioo cha kawaida hazitoshi?*

Kwa sherehe ya mwaka mmoja, zinatosha. Kwa kumbukumbu, hapana: jua la kwetu huipausha nyekundu kwanza, kingo hujikunja, na gundi huacha madoa. Fedha zikiwa haba, weka paneli moja ndogo ya kweli, sentimita 40 kwa 40, katikati ya kioo cheupe.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Tabora

*Dirisha letu la kumbukumbu limevimba katikati, nyuso zinafifia, popo wamelichafua. Fundi mmoja anataka kuliosha kwa siki, kulibana kwa ubao lirudi, na kuziba kwa silikoni.*

Mzuieni leo. Risasi huchoka baada ya miaka 80 hadi 120, hasa ukuta wa mashariki au magharibi unaopigwa na jua kila siku. Ikivimba, imeshatanuka, ukiibana kwa nguvu haifupiki, vioo ndivyo vinavyopasuka. Sukuma taratibu kwa kiganja. Uvimbe ukiwa imara na chini ya sentimita 3 hivi, fungeni upya nyaya za nondo na muuangalie kila mwaka. Ukicheza, au pakiwa na mianya, paneli itolewe, ilazwe, isiguswe na maji, ipangwe upya kwa risasi mpya.

Nyuso zinafifia kwa sababu rangi haikuiva tanurini, au ilikuwa na boraksi nyingi, kosa lililoenea katika vioo vya Uingereza vya miaka ya 1870. Rangi ya namna hiyo hutoka na kitambaa kikavu, sembuse siki. Kabla ya lolote pigeni picha ndani na nje, kila paneli na rula kando yake. Kisha tafuteni kona isiyo na maana, mguse kwa pamba iliyolowa kidogo. Pamba ikitoka na kahawia, acheni. Upande huo usioshwe na mtu. Pamba ikitoka na vumbi tu, endeleeni kwa maji yaliyotoneshwa, pamba mpya kila mara, bila kusugua. Mkinunua maji ya betri hakikisheni ni maji na si asidi, maana huuzwa duka moja na chupa zinafanana. Uchafu wa popo una chumvi na asidi. Lowesheni kwanza, uondoke wenyewe, usikwanguliwe. Halafu zibeni matundu ya paa popo wakiwa wametoka usiku, nje ya msimu wa makinda.

Vipande vilivyoanguka visitupwe hata vikiwa vidogo kama kucha. Kila kimoja kiingie bahasha yake, juu iandikwe paneli gani na upande gani. Ubao wa plastiki angavu msiubandike nje kwa kuziba kila mwanya, hugeuka njano na kufungia joto na unyevu ndani. Wavu wa chuma kisichoshika kutu, uliosimama sentimita 5 kutoka kwenye kioo, unatosha kwa mawe ya watoto na kwa embe za mwembe ulio karibu na ukuta.